Yai la Nkatha na Majani Yaliyoungua

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, ambaye leo umefika mapema kuliko siku zote tulizowahi kukualika, Mchungaji wetu, mwenye ukumbi huu, Chifu wetu, walimu wetu wapendwa, mwandishi wetu Joyline Kathambi, pamoja na mama yako aliyefunga kibanda chake cha kabichi kule sokoni Gakoromone, Meru, ili awe nasi hapa Runyenjes, wageni mliotoka Karurumo na kwingineko, na ninyi wakulima wa kituo chetu cha majani chai, ambao itifaki imewaketisha nyuma lakini mimi moyoni nimewaweka mbele: Bwana asifiwe!

Nimesema, Bwana asifiwe! Haya, sasa naona mmeamka.

Kwa wasionijua, mimi ni Regina Kagwiria. Nilizaliwa Meru, nikaolewa Embu, na pande zote mbili wanakubaliana kwamba nina sauti kubwa. Ni mwenyekiti wa kituo cha majani, na nimeombwa niseme kwa dakika tano yale wasomaji wa huku wanayoyaona kuhusu kitabu cha kwanza cha Kathambi, kabla hatujazindua cha pili. Dakika tano! Nani amewahi kumaliza maoni ya watu wa Runyenjes kwa dakika tano? Mheshimiwa, najua una mkutano mwingine. Huo utakungoja.

Kwa wageni ambao hawajakisoma, kitabu kinaitwa Mabawa ya Kirimara. Ndani yake, juu ya Kirimara, huu Mlima Kenya wetu, wanaishi grifoni, wanyama wenye kichwa na mabawa ya tai na mwili wa simba. Chini ya mlima wako mamajusi, watu wenye elimu na nguvu za siri, ambao wanataka kuwafunga grifoni hao na kuwapeleka vitani. Lakini msichana mmoja wa mamajusi, Kende, anakataa, na pamoja na jike la grifoni aitwaye Nkatha anapigana na walimu wake mwenyewe. Ni kitabu kinene. Mume wangu alipokiona mara ya kwanza aliuliza kama tumeongezewa Biblia.

Nilikiazima katika maktaba yetu, kile chumba kidogo kando ya ofisi ya kanisa, nikaenda nacho kituoni. Sasa, nani hapa hajui kungojea lori la majani? Mvua ikinyesha linakwama, jua likiwaka limeharibika, na sisi tumekaa, tunagombania foleni, tunasengenyana hadi mada zinakwisha. Siku moja nilichoka na kelele, nikafungua kitabu nikaanza kusoma kwa hii sauti mnayonisema kwayo miaka yote. Kituo kikanyamaza. Lori lilipofika watu walikasirika kwamba limekuja mapema!

Tangu hapo ikawa desturi, na maoni nayo hayakungoja mwisho wa kitabu. Mama Kajuju, jirani yangu, alinikatiza kwenye sura ya pili: “Huyo Nkatha amekula mbuzi wa watu. Mwenye mbuzi amelipwa?” Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema, “Basi mwandishi arudi akaulize.” Kijana mmoja wa bodaboda alisifu sana vile grifoni anavyoruka na abiria wawili na mzigo, ila akataka kujua mnyama wa mwendo huo anakula nini asubuhi. Wengine walilalamika kwamba baraza la mamajusi linabishana kurasa nyingi mno kabla ya kuamua jambo moja. Lakini wenzao waliokuwa kwenye kamati ya maji walisema hapo hapo ndipo mwandishi amesema kweli tupu.

Na kuna msomaji wa mjini aliyeandika mtandaoni kwamba grifoni ni mambo ya Wazungu, hayana kwao huku kwetu. Nikawasomea. Mama Kajuju hata hakuinua kichwa, mikono ikiwa ndani ya majani. Akasema, “Mwambie hata hii chai ililetwa na Wazungu. Aje huku aseme si yetu, tumwonyeshe migongo iliyopinda kwa kuichuma.” Kathambi, wewe umesoma hadi chuo kikuu. Je, kuna profesa aliyewahi kukutetea hivyo?

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Wakulima mnajua, majani yakikaa yameshindiliwa ndani ya gunia hushika joto, na yakishika joto huungua, yakageuka mekundu, na kiwanda huyakataa. Ndiyo maana tukifika kituoni tunayamwaga, tunayatandaza, na tunayageuza mpaka lori lije. Lakini siku ya vita vya mwisho, siku Nkatha anavamiwa na mamajusi kwenye ukingo wa genge, nani aligeuza majani? Nani hata alikumbuka kufungua gunia? Jua lilikuwa linawaka, mimi ninasoma, Nkatha amekatwa bawa, Kende anapiga mayowe, na nje tunasikia lori linapiga honi. Karani wetu wa mizani, Ireri, akatia mkono ndani ya gunia la Mzee Njura, akautoa, akanusa. “Mzee,” akasema, “haya ni majani au ni ugoro?”

Yalikuwa yameungua. Ya Mzee Njura, ya Mama Kajuju, na yangu pia. Mama Kajuju alimwaga yake kando akaniambia, “Endelea.” Lakini Mzee Njura, ambaye ni mzee wa kanisa na jasho lake halimwagwi ovyo, alisimama kwa hasira. Akasema kitabu hicho ni uchawi, kimetufunga akili mchana kweupe, na hakitalala tena katika nyumba ya Mungu. Jumapili ile akapeleka mashtaka kwa kamati ya kanisa.

Jioni yake Kathambi alikuja kwangu. Aliketi jikoni, hakuvua hata koti. Akaniambia, “Auntie, cha pili nimefika katikati. Wa Nairobi wakinitukana sijali. Lakini watu wa nyumbani wakikitoa hiki maktabani, sitaandika tena. Nitamwandikia nani?” Nilimmiminia chai, na roho iliniuma sana. Binti mwenye kipawa namna hiyo, azimwe na gunia moja la majani?

Basi kesi ikasikilizwa papa hapa. Mchungaji, unakumbuka ukumbi ulivyojaa? Harusi zetu hazijazi hivi! Uliuliza swali zito, na lilikuwa haki yako kuliuliza: kitabu hiki kinawafundisha watoto wetu uchawi? Mama Kajuju akasimama. “Mchungaji,” akasema, “mamajusi wabaya humo ndani wanashindwa, na wazuri wanaombana msamaha. Mimi na wake za shemeji yangu bado hatujafika hapo.” Kijana wa bodaboda akasema ni kitabu cha kwanza alichotaka kujua mwisho wake tangu amalize shule. Mmoja baada ya mwingine, watu ambao sijawahi kuwasikia wakizungumza hadharani walisimama wakatoa maoni, wengine wakisifu, wengine wakikosoa, na wote wakitaja majina ya Kende na Nkatha kana kwamba ni watoto wa jirani.

Mwishowe Mchungaji akamgeukia mshtaki. “Mzee Njura, umewasikia. Unataka tufanye nini?”

Mzee akaondoka kitini, akashika kofia yake mkononi. “Kitabu kiondolewe,” akasema. Kathambi akainamisha kichwa. Mzee akasimama vile vile, hakai. Kisha akasema, “Lakini kabla hakijaondolewa, Kagwiria amalize ile sura. Tulimwacha yule mnyama ukingoni, bawa limekatwa, lori likaja.”

Wacha! Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje. Mchungaji hakucheka, alinitazama tu akasema, “Soma.” Nikasoma. Nilisoma jinsi Nkatha, asiyeweza tena kuruka, alivyoshuka lile genge kwa makucha huku amembeba Kende mgongoni, na jinsi alivyolificha yai lake lisipatikane na mamajusi. Nilipofunga kitabu nilimwona Mzee Njura akijipangusa uso kwa kofia. Akamtafuta Kathambi kwa macho. “Msichana wangu,” akasema, “na lile yai? Yai liko wapi?”

Kathambi akajibu kwa sauti ndogo, “Liko kwenye kitabu cha pili, mzee.”

“Basi kaandike,” akasema Mzee Njura. “Na hiki kirudisheni rafuni.”

Ndugu zangu, hapo tulishinda! Si Kathambi peke yake, na wala si mimi. Alishinda kila aliyetoa maoni yake bila kuogopa kwamba vitabu ni vya watu wengine. Ameandika, amemaliza, na nimeambiwa kwamba safari hii mwenye mbuzi amelipwa. Mama Kajuju, umesikia? Amelipwa!

Namaliza. Hapa mkononi nina nakala ya kwanza ya kitabu cha pili. Nilipanga nimkabidhi Mheshimiwa, lakini asubuhi nilifungua ukurasa wa mwanzo nikakuta maneno ambayo hayakuniruhusu. Mheshimiwa, utanisamehe. Mwandishi ameandika hivi: “Kwa Mzee Njura, aliyeuliza yai liko wapi.”

Mzee, usiangalie chini. Inuka, uje mbele uchukue jibu lako. Na ninyi mlioketi nyuma, mpigieni makofi ya kilo, yapimwe na Ireri mwenyewe.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Lakini kabla sijaketi: leo kuna waliopitia hapa na magunia. Je, mmeyafungua?