Sista Aliyepalilia Maharagi Yetu

Mheshimiwa Padri Paroko, Mheshimiwa Chefu wa kijiji chetu cha Karuba, Masista mliofika kutoka Goma, Papa na Mama wazazi, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokaa kwenye majani kwa kuwa mabenchi tumewaachia wageni: amani ya Bwana iwe nanyi nyote.

Nimepewa kazi ya kumuaga Sista Verdiane Tumukunde, aliyefundisha miaka thelathini na minne, kwanza Ntoto, kule Walikale, kisha hapa kwetu, na ambaye kesho anakwenda Goma kupumzika pamoja na masista wenzake, kwa sababu macho yake hayaoni tena maandishi ubaoni. Mimi ni Gentille Nishimwe, direktrisi, yaani mwalimu mkuu, wa shule hii ya parokia. Zamani nilikuwa mwanafunzi wake.

Jana nilimsomea hotuba niliyokuwa nimeiandaa. Akasema: "Umesema tu mazuri. Kama utasema juu yako, sema na juu ya Fifi. Bila ile, usisimame." Basi ninatii, kama nilivyozoea.

Fifi alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita kule Ntoto, msichana aliyemaliza hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Siku moja hakuja. Wenzake wakasema anatafutiwa mume. Sista alikuwa na mitihani ya kusahihisha, tena aliamini kwamba mambo ya ukoo si ya mgeni kuyaingilia. Akasema atakwenda juma lijalo. Alipofika, alimkuta mama yake Fifi peke yake, anamenya mihogo.

"Sista, ungekuja juma iliyopita," mama yule alimwambia. "Mimi peke yangu sikuweza. Nilikuwa nakungojea."

Fifi alikuwa ameshaozwa mbali, na umri wake miaka kumi na mitano. Sista hakumwona tena. Ndugu zangu, ni nani kati yetu angeomba jambo kama hilo lisomwe siku ya sifa zake?

Miaka mitatu baadaye alihamishiwa Karuba, na mimi nilikuwa darasa la sita. Mama aliumwa mgongo, asiweze kuinama, na baba akaniondoa shuleni. Safari hii Sista hakungoja juma lijalo. Kesho yake tulimwona anapanda kilima chetu, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Papa, Gentille iko mugonjwa?"

"Hapana. Mama yake njo mugonjwa. Uyu sasa njo mikono yangu. Akienda ku masomo, nani atalima?"

"Jembe ingine iko wapi?"

Baba alidhani anatania. Sista akachukua jembe la mama, akakunja kanzu yake, akaanza kupalilia. Baada ya muda nikamsikia baba akimwambia kwa upole: "Sista, ile si majani. Ile njo chakula." Akaomba afundishwe, akafundishwa. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi, na kila Jumatatu mimi nilikuwa darasani.

Lakini majirani wakaanza kusema. Jumamosi ya nne baba alimsimamisha kwenye mpaka wa shamba.

"Usikuye tena, Sista. Bantu banasema nimekufanya mutumishi."

"Na Gentille?"

"Abakie hapa."

"Basi na mimi nitabakia hapa."

Akaingia shambani. Baba alimtazama mpaka akafika mwisho wa mstari. Kisha baba akasema: "Gentille aendelee. Lakini wewe, Sista, bakia ku masomo yako. Unaniharibia maharagi."

Ndivyo nilivyosoma. Na vita vilipotutoa kwenye vilima hivi, Sista alishuka nasi hadi kambini Sake, akapita hema kwa hema akitafuta wanafunzi wake kwa majina, akafundisha pale pale, ubao ukiegemezwa kwenye mti. Wengi mlioko hapa mlifanya mtihani wenu mwaka ule.

Baba yangu, Papa Kanyamibwa, ameketi pale nyuma ya wanakwaya. Nilimwomba aje mbele, akakataa. Asubuhi, tukipanda kuja hapa, alinishika mkono, akanipa maneno ambayo kwa miaka yote hii hakuwahi kuyatamka nyumbani kwetu.

"Umwambie Sista, siku ile nilimukataza shamba, sikukuwa na hasira. Nilikuwa na haya. Niliona muntu wa mbali anapigania mutoto yangu kunipita. Umwambie, mimi pia nilikuwa nakupenda wewe, mutoto yangu. Nilikosa tu njia."

Sista Verdiane, ujumbe nimeufikisha. Wewe ulinipa shule, na leo umenipa baba.

Kwenu nyote mlionipa masikio yenu mpaka neno hili la mwisho, asanteni sana.