Jina la Kubandika Kwenye Pasi

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya duka la vifaa vya umeme na kibanda changu cha kuchapa na kutoa fotokopi. Jumamosi ile halikukalika. Nusu yake ilikuwa imejaa maboksi ya pasi, na mengine yalikuwa yamepangwa ukutani hadi usawa wa dirisha langu. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima unamwita Swichi, alikuwa ameyatoa nje tangu saa mbili asubuhi ili yabandikwe stika. Stika zenyewe hazikuwepo. Zilikuwa kwenye kompyuta yangu, zimekamilika kila kitu, isipokuwa mstari mmoja uliosema: "Anayewajibika kwa mnunuzi." Mbele yake palikuwa na nukta tupu. Nilimuuliza Swichi tangu Alhamisi niandike nani, na tangu Alhamisi alikuwa anafikiri.

Jambo lenyewe si gumu, ingawa limeandikiwa kijitabu cha kurasa arobaini. Nchi ilijitoa kwenye Umoja wa Soko mwaka jana, na kipindi cha kuzoea kilikuwa kinaisha Jumapili. Zamani, pasi ikitoka kiwanda cha nchi mwanachama, muuzaji wa hapa alikuwa mpitishaji tu. Ikikuharibikia, au ikikuunguza, alikupa karatasi yenye anwani ya ofisi ya malalamiko ya Umoja, huko ng'ambo ya mpaka, ukaandike barua na kusubiri. Kuanzia Jumatatu, anayeingiza mali nchini ndiye anayejibu. Jina lake liwe kwenye kila boksi, na mnunuzi awe na mwaka mzima wa kurudi dukani. Serikali iliandaa semina ya siku moja kuwaweka wafanyabiashara tayari. Swichi alihudhuria. Alirudi na begi la kitambaa, kalamu na kijitabu, na hadi siku hiyo kilichokuwa kimetumika ni begi.

Kijitabu kilikuwa mikononi mwa Wakili. Huyu si wakili. Alikuwa karani wa mafaili mahakamani kwa miaka kumi na tisa, akastaafu na sauti ya hakimu.

— Kifungu kinataka jina, — alisema. — Hakijasema jina la nani.

— Kimesema la mwagizaji, — nikamwambia. — Ukurasa wa sita.

— Msomi, wewe unasoma. Mimi natafsiri.

Pembeni yake alikaa Waziri, dereva wa teksi, mlango wa gari lake ukiwa wazi ili asikie redio. Miaka mingi iliyopita alimwendesha waziri mmoja kwa siku tatu, gari la mkubwa likiwa gereji, na tangu hapo hatumii neno "serikali", husema "sisi kule juu." Alitueleza kwamba kule juu kumeshaamuliwa kimyakimya turudi kwenye Umoja kabla ya mwisho wa mwaka. Aliyemwambia hawezi kumtaja. Hivyo Swichi asihangaike.

— We weka jina kwa penseli, — alimalizia.

— Stika inatoka kwenye printa, Waziri.

— Basi iwekee printa penseli.

Fundi alicheka peke yake. Ni mtu wa maneno machache, anatengeneza vyombo vya umeme kwenye kona ya ndani ya duka la Swichi, na wengine wanapobishana yeye huwa na bisibisi mkononi akichokonoa kitu. Siku hiyo alikuwa na chupa ya kahawa pia, kwa hiyo alikuwa mtu muhimu.

Ukweli wa mambo ni kwamba Swichi alikuwa na njia mbili tu. Aweke jina lake, au azirudishe pasi zote mia moja na arobaini kwa mtu wa jumla anayemwagizia, ng'ambo ya mpaka, na kufunga upande huo wa duka, ambao ndio unaomlisha. Benchi halikupenda njia hizo. Benchi lilikuwa na njia zake.

Wakili alipendekeza kampuni. Watu watatu wasiofahamika, sanduku la posta, muhuri wa duara. Kampuni, alisema, haina shati la kukunjwa kwenye kola. Nilipomwambia kwamba kijitabu kinataka anwani ambayo mtu anaweza kuifikia kwa miguu, alifikiri kidogo, akaja na jingine: liandikwe jina la marehemu baba yake Swichi. Marehemu hashtakiwi, na tena ni heshima kwa mzee. Waziri akaona hilo dogo. Yeye alitaka iandikwe wizara yenyewe, kwa hoja kwamba wao ndio waliotutoa, basi pasi ikilipuka wao ndio waitwe. Halafu wakashindana. Ikafika mahali Wakili akasema kwa uso mkavu kabisa kwamba majina yagawanywe, kila mtu wa kijiwe achukue maboksi ishirini na nane, hasara ikija ije kidogokidogo kama mvua ya rasharasha.

— Ishirini na nane zangu zipe jina la mama mkwe, — alisema Waziri.

— Mimi msiniweke, — alisema Fundi.

— Woga wa nini? Boksi tu hilo.

— Nyie mnaliona boksi. Mimi nayajua ya ndani.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanguka, kama kikombe kinavyoanguka bila mtu kukigusa. Kila mmoja wetu alijua Fundi alikuwa anazungumzia nini, na Swichi, ambaye muda wote huo alikuwa anakunja na kukunjua kona ya boksi, aliacha.

Mwaka juzi, mzigo wa pasi za aina hii hii ulikuja na waya uliokatika ngozi pale shingoni, unapoingia kwenye mpini. Fundi aliliona tatizo hilo kwenye pasi mbili alizoletewa, akamwambia Swichi. Swichi alimjibu kwamba ataandika kwa mtu wa jumla, na nadhani kweli alikusudia kuandika. Wiki ya tatu, pasi ya tatu ilipasukia mkononi mwa dobi wa nyumba ya kona, yule mama aliyekuwa ananyoosha makoti ya manesi na sare za shule. Mkono wa kulia. Vidole vitatu havikufunga tena.

Swichi hakumfukuza. Hilo niliseme, kwa sababu mtaani limepotoshwa. Alimtolea kiti, akampa maji, akampa pole nyingi, kisha akampa ile karatasi ya anwani. Aliamini anamsaidia. Wakili alimwambia yule mama afuate utaratibu, hatua kwa hatua. Waziri aliahidi kumsemea kule juu. Na mimi nilimchapia barua. Zilikuwa tatu, na zilikuwa nzuri, aya zimekaa, tarehe mahali pake, zikienda nchi ambayo yule mama hajawahi kukanyaga. Jibu la kwanza lilimpa namba. La pili lilimwomba avute subira, kiwanda kinaulizwa. La tatu lilikuja baada ya nchi kujitoa. Lilisema kwamba, kwa kuwa nchi yake si mwanachama tena, faili lake limefungwa, na wanamtakia kila la heri. Nilimsomea mimi, nikiwa nimesimama palepale dirishani. Alinishukuru. Mwezi uliofuata alihamia kwa mdogo wake, ng'ambo ya mji. Niliwahi kusikia kwamba anakaa mlangoni mwa choo cha kulipia, anagawa karatasi kwa mkono wa kushoto.

— Swichi, kaka, — alisema Wakili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti ya hakimu haikuwepo. — Yale yamepita.

— Hayajapita. Nikiandika jina langu leo, nakuwa nimekiri la juzi.

— Ndiyo maana nikasema kampuni.

— Nyamaza kidogo, bwana.

Fundi akammiminia kahawa. Swichi alikishika kikombe bila kunywa.

Ilikuwa inakaribia saa sita alipofika mwanamke ambaye hakuna aliyemfahamu. Alivaa sare ya kijani ya wasafishaji wa hospitali, na jasho lilionyesha ametembea. Akatusalimu wote kwa pamoja, shikamooni, tukaitikia, hata mimi ambaye kwa umri hanizidi wala simzidi sana. Akauliza kibanda cha kuchapa ni kipi. Nikamwambia ni hiki, dada, karibu.

Alisema ametumwa na dada yake. Huyo dada alikuwa dobi hapa, nyumba ya kona. Redioni wamesikia kwamba sheria ya wanunuzi imebadilika, wakaona labda lile faili linaweza kwenda tena mahali, ila nakala zao ziliharibiwa na maji. Dada anakumbuka kwamba mimi huhifadhi kazi za watu kwenye kompyuta.

Ninahifadhi. Niliingia ndani, nikazitafuta, na nilizipata haraka kuliko nilivyotaka. Printa yangu ina kelele, lakini dirisha lilikuwa wazi na niliwasikia. Yule mwanamke, kwa ajili ya kupitisha muda, akauliza maboksi yote haya ni ya nini.

Swichi alimweleza. Angeweza kumwachia Wakili, lakini alimweleza mwenyewe, na alieleza vizuri, pengine vizuri kuliko mtu aliyeendesha ile semina. Kwamba kuanzia Jumatatu mwenye duka anajibu mwenyewe. Kwamba chombo kikiharibika ndani ya mwaka mmoja, mtu anakuja nacho hapahapa, si lazima awe na boksi, risiti tu inatosha, na kama hana risiti wataangalia daftari. Wanatengeneza au wanabadilisha. Ni wiki moja.

— Na kikimuunguza mtu?

— Anakuja hapahapa.

— Hata kama amelazwa?

— Anatuma mtu. Kuna bima ya mambo hayo, tumefundishwa. Si ghali.

— Inamlipia hospitali?

— Hospitali, na siku ambazo hakufanya kazi.

Nilikuwa nimeshatoka na karatasi zangu sita, mbili kwa kila barua. Yule mwanamke aliyatazama maboksi, akalitazama duka, mlango wake mmoja na kaunta yake ya kioo, kama mtu anayepima kama kabati litapita. Kisha akamuuliza Swichi, bila ukali wowote, kama unavyomuuliza mtu saa ngapi:

— Kumbe lilikuwa linawezekana. Sasa mwaka juzi lilishindikana nini?

Wakili alikifungua kijitabu, akakifunga. Waziri akaenda kuzima redio, ambayo haikuwa ikisema lolote la maana, akabaki amesimama hukohuko kwenye gari. Fundi aliangalia bisibisi yake. Mimi jibu nilikuwa nalo, lile la kwenye mtihani: wakati ule wajibu wa kisheria ulikuwa wa kiwanda, kupitia chombo cha Umoja, na muuzaji hakuwa na mamlaka. Lilikuwa sahihi, lakini hakuuliza sheria ilisema nini. Duka lilikuwa hapa. Mkono ulikuwa hapa. Kati ya mlango wa duka na nyumba ya kona ni hatua sitini, na sisi wote watano, watu wazima wenye akili zetu, tuliuchukua mkono ule tukauandikia barua ng'ambo.

Swichi alifungua mdomo. Nilifikiri ataomba radhi. Labda hata yeye alifikiri hivyo. Akakiweka kikombe chake cha kahawa juu ya boksi, bado kimejaa.

Mwanamke alisubiri, kwa adabu, muda mrefu kuliko ambavyo ningesubiri mimi. Kisha akapokea karatasi zake, akazihesabu, akazikunja mara moja tu zisikunjamane.

— Haya, — alisema. — Nitamwambia niliwakuta mna kazi.

Akatuaga vizuri. Alipita upande wenye kivuli, akaipita nyumba ya kona bila kuitazama. Huenda hakujua kwamba ndiyo hiyo.

Waziri alirudi, akakaa, akatikisa chupa ya kahawa, akairudisha chini taratibu kwa sababu ilikuwa tupu. Mteja mmoja alikuja kuulizia balbu, Swichi hakumsikia, akaenda zake.

— Binti, — aliniita Swichi baadaye. — Andika jina langu. Yote matatu.

Niliandika. Nilimsomea herufi kwa herufi, akaitikia kila moja kwa kichwa. Wakili alisogeza miguu kunipisha nipite na karatasi za stika, zikiwa bado za moto, nikaziweka juu ya ubao. Hakuna aliyenyoosha mkono kuzichukua.

Fundi ndiye aliyesogea, lakini hakuchukua stika. Alikata utepe wa boksi la kwanza, akaitoa pasi, akaushika waya pale shingoni, akauvuta, akauchungulia kwenye jua. Akairudisha. Akamtazama Swichi.

— Tufungue ngapi?

— Zote, — alisema Swichi, akalivuta la pili.