Sensa Mbili za Mzee Minani

Ifikapo Juni 30, 2025, Mzee Thobias Minani, fundi sanifu wa maabara ya shule yetu hapa Ngara, atastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Nimeombwa mimi, Odeta, matroni wa mabweni, niandike wasifu huu kwa furaha. Furaha ipo, lakini niseme ukweli mapema: naandika nikiwa na hofu.

Mzaliwa huyu wa Murukulazo aliajiriwa mwaka 1992, maabara ikiwa na meza nne na mizani moja mbovu. Miaka kumi iliyopita alianzisha klabu ya elektroniki ya Jumamosi. Huko wanafunzi walijifunza kuchagua bodi za maikrokontrola, yaani zile kompyuta ndogo zinazoenea kiganjani, pamoja na sensa, yaani vifaa vya kuhisi, za joto, unyevu na moshi. Kanuni yake ilikuwa moja, na kwa matamshi yake ya Kihangaza ilisikika hivi: bodi iwe lahisi, sensa iwe nzuri. Waliochagua sensa hafifu za unyevu wa udongo waliziona zikioza bustanini ndani ya wiki tatu, naye akacheka kuliko wote.

Mwaka 2022, baada ya kusikia habari za mabweni kuungua kwingineko, aliamua kutufungia king'ora cha moshi. Wanaklabu walitaka bodi yenye intaneti, itume ujumbe kwenye simu. Alikataa katakata. Alisema umeme ukikatika kilimani kwetu mtandao nao huondoka, na moto haungoji mtandao urudi. Akachagua bodi ya kawaida kabisa, inayojiwasha yenyewe umeme ukirejea, akaiongezea na “betili”.

Kisha akaandika barua ya kuomba kibali cha “sensa bwenini”. Nchi ilikuwa imetoka tu kuhesabu watu. Wiki iliyofuata akaja karani wa sensa ya watu na fomu zake, akawapanga wasichana mstari na kuwahesabu mmoja mmoja. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini karani alipomaliza, hesabu ilikuwa hii: wasichana themanini na sita, mlango unaofunguka mmoja. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na kufuli hilo nililitia mimi, kwa kuogopa watoro. Mzee Minani alikusanya waya zake, akanieleza kwa upole kwamba hawezi kufunga king'ora cha kuwaarifu watoto kuwa hawana pa kutokea. Nilikwenda kutafuta ufunguo, nikalifungua kufuli, naye akazitandaza tena waya zake. Moyo wangu haujatulia tangu siku hiyo.

Februari mwaka jana, Jumapili baada ya misa, pasi ya mkaa ilisahauliwa juu ya godoro karibu na mlango wa mbele. King'ora kikalia. Nilipofika mbio nilikuta moshi umeuziba mlango ule, na wasichana wote wamesimama nyuma ya bweni, wengine na mapovu ya sabuni kichwani. Niliwahesabu mara tatu kwa sababu sikuamini. Yaliungua magodoro matano tu.

Sasa anaondoka, na king'ora amenikabidhi mimi. Kila Jumamosi yeye hukijaribu kwa moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma. Wiki iliyopita aliniachia nijaribu mwenyewe, akasimama pembeni. Nilihesabu hadi tisa, kimya. Hadi kumi na nne, kimya. Nilikuwa nimeshageuka kumwangalia ndipo kilipolia. Nilikaa chini sakafuni, nikalia nacho.

Ahsante sana, Mzee Minani, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya wazazi ambao binti zao walirudi nyumbani likizo kama kawaida. Tunakutakia afya njema, na usingizi mnono huko Murukulazo. Ukilala, lala kweli. Kuogopa niachie mimi.