Herufi Zinazolala

Nyuma ya maduka ya Thamesmead, huku Uingereza, pale maghorofa yanaporuhusu jua lipite kwa saa mbili tatu hivi, kuna benchi la mbao linalotazama ziwa dogo na mabata wake wakorofi. Hicho ndicho kijiwe, na wenyewe ni wanne. Albert, mtu wa Bukavu anayesafisha mabasi, ndiye mleta kahawa kwenye chupa ya temosi, kwa hiyo anaitwa Papa Temosi. Justin, Mtanzania mstaafu aliyelinda majengo ya watu miaka thelathini, anaitwa Wizara, kwa sababu yeye hajawahi kusema "nadhani". Yeye hutoa taarifa. Hemal, mzaliwa wa Kisumu, ana duka hatua ishirini kutoka hapo, na kijiweni ni Narudi Sasa Hivi, kutokana na kikaratasi anachotundika mlangoni kila anapotoroka kuja kunywa kahawa. Wa nne ni Shiro wa Nyeri, anayehudumia wazee majumbani mwao, na hana jina la utani maana hakuna aliyethubutu kumpa. Kwenye egemeo la benchi kuna kibao kidogo cha shaba chenye maandishi. Mgeni akiuliza kimeandikwa nini, Wizara hujibu bila kugeuka, kama msemaji wa halmashauri: "Amri ya kaunsili. Marufuku kupanda benchi na viatu." Kisha hukiegemea tena, na mgongo wake umekisugua miaka saba mpaka kinang'aa.

Jumanne hiyo Albert alimwaga kahawa nje ya kikombe mara mbili.

— Papa Temosi, kwani leo uko na nini? Shiro aliuliza. Hiyo kahawa unanywesha benchi?

— Iko mama mmoja wa kaunsili kwangu ku nyumba, Albert alijibu. Amekuja saa ine, kuangalia kama Plamedi anasoma ao hasomi. Annonciata amenifukuza.

— Umefukuzwa kwako mwenyewe?

— Anasema minapumua sana.

Walicheka, naye akawaacha wacheke. Hakuwaambia kwamba mkewe Annonciata alikuwa amesema kweli.

Plamedi ni binti yake, ana miaka tisa. Shuleni herufi zilimkimbia tangu siku ya kwanza. Mwalimu hakuwa mbaya, ila watoto walikuwa thelathini na yeye mmoja, na Plamedi alikuwa hodari wa kujificha: alikariri ukurasa kwa kumsikiliza jirani, alikisia kwa kutazama picha, na vyote viwili vikishindikana tumbo lilimuuma. Mwaka juzi mama yake akamwandikia mwalimu mkuu barua kwamba mtoto atasomea nyumbani. Albert aliona mkewe amechanganyikiwa. Mwanamke anaosha ofisi za watu tangu alfajiri, anarudi saa mbili na miguu imevimba, halafu awe mwalimu kwenye meza ya jikoni? Hakumpinga. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa hasira.

Halafu siku moja akajitia kusaidia. Neno lilikuwa moja, la herufi tatu, na mtoto akalikosa mara tano. Albert akapiga meza. "Herufi tatu tu!" alifoka, kikombe kikaruka. Tangu siku hiyo, miezi kumi na minne sasa, Plamedi hajasoma hata silabi moja mbele ya baba yake. Akiingia jikoni, kitabu kinafungwa. Kila mtu alikuwa na habari ya kumsimulia jinsi mtoto anavyosoma, na yeye, aliyemzaa, hakuwahi kusikia. Na leo afisa akiona hakuna kitu, kaunsili inaweza kuanza safari ya kumrudisha mtoto kulekule kwenye maumivu ya tumbo.

— Tatizo la yule mtoto mimi nilishalitolea taarifa, Wizara alisema huku akijinyoosha. Ni lifti. Mnakaa ghorofa ya kumi na moja. Mtoto anapanda, anashuka, anapanda. Mwili unafika, akili imebaki ghorofa ya tano. Sasa atasoma na nini?

— Mimi napanda lifti za wazee miaka kumi na mbili, Shiro akamjibu, na bado nasoma.

— Wewe ulishakomaa.

— Si lifti bwana, Hemal aliingilia. Ni jua. Hapa mbingu ni kijivu, karatasi ni kijivu, mtoto ataona herufi wapi? Mama yangu kule Kisumu alimwaga unga wa chapati kwenye sinia, tukaandika na kidole, nje, juani. Sisi sita, wote tulisoma.

— Na yule kaka yako wa Leicester?

— Huyo alikula unga.

Albert alicheka, akamimina kikombe kingine bila kumwaga.

— Nyinyi mnacheza, Shiro alisema. Watu wa shule walishampatia jina. Disleksia. Si ugonjwa na si ujinga. Ni vile akili yake imepangwa, basi.

— Hapo hapo! Wizara aliinua kidole. Mtu hawezi kusoma, halafu unampa neno kama hilo? Huo ni uchokozi. Wangeliita "ba". Kila mtu angejua ana nini. Nawaambieni, haya maandishi ya Kiingereza yalipangwa na mafundi kufuli. Chukua kisu. Kwao kisu ni "naifu", lakini kinaandikwa kwa K mbele. Ile K inafanya kazi gani pale mbele? Haitamkwi! Imeajiriwa, ina kiti, haifanyi kazi. Ile K ilininyima nafasi ya jikoni kwenye hoteli, mwaka wangu wa kwanza hapa, na siisahau mpaka kufa.

Aliyasema haya kwa uchungu uliozidi kidogo kiasi cha mzaha, lakini kijiweni hakuna anayepima. Kahawa ilizunguka.

— Njo vile Annonciata anasema na yeye, Albert alisema polepole. Anasema ku Kiingereza kuna herufi zinalala.

— Zinalala vipi?

Akawaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyompanda, kama mtu anayejisifia kitu ambacho hakukifanya. Annonciata aliomba maboksi matupu dukani kwa Hemal akayakatakata vikadi. Akaandika ba, be, bi, bo, bu. Miezi mitatu mizima hakugusa Kiingereza. Kiswahili tu, kwa sababu, alisema, Kiswahili ni lugha ya herufi zilizo macho: ukiiona unaiita, ukiiita inaitika. Mtoto ambaye Kiswahili alikuwa akikisikia tu na kujibu kwa Kiingereza, akaanza kuita herufi kwa Kiswahili. Alipozoea kwamba herufi zinaweza kumtii, ndipo mama akamwambia ukweli: mwanangu, huku nje kuna nyingine zimelala. Hazikuchukii. Zimechoka tu. Na kila walipoikuta moja, mama aliichorea blanketi dogo kwa penseli.

— Blanketi! Shiro alisema, akaweka kikombe chini. Haki ya Mungu, huyo mama ni mwalimu. Mimi miaka yote hii naona K ya kisu nikiikanyaga tu, na yeye anaifunika.

— Na mimi niko shahidi, Hemal alisema.

— Sema ile ya unga, Albert alimwomba. Alikwisha kuisikia mara thelathini.

— Walikuja dukani, Hemal alianza kwa furaha ileile. Mtoto akasimama mbele ya pakiti. Akaweka kidole. "U... nga. Unga." Halafu akageuka akaniambia, amekasirika kabisa, "Uncle, wamesahau B!"

Hapo ndipo kwenye utamu wenyewe, na ni mtu wa Bukavu tu anayeupata wote. Kwao unga ni bunga. Plamedi hakuwahi kusikia kwa mama yake neno jingine. Kama angekisia, kama alivyozoea kukisia shuleni, angeitazama picha ya mahindi akasema bunga. Alisema unga kwa sababu ndicho kilichoandikwa. Alikuwa amesoma. Albert aliposimuliwa mara ya kwanza alikwenda kusimama peke yake kati ya mashelfu ya mchele, akajifanya anatafuta chumvi.

— Mi sijamusikia bado, alisema sasa. Kila mutu amemusikia. Minajua juu ya nini. Ni ile siku ya meza.

Hakuna aliyemtania.

Wakati huo Annonciata alitokea kwenye njia ya ziwani, koti juu ya nguo za kazi, Plamedi akiruka vijibwawa mbele yake. Albert alisimama.

— Basi? Amesema nini?

— Ngoja nifike, baba, Annonciata alisema. Alivuta pumzi. Amekaa saa moja. Ameona kadi, ameona daftari. Plamedi amemusomea ukurasa nzima. Polepole, lakini nzima. Yule mama ameandika, amesema tuendelee, atarudia mwaka kesho. Halafu ameniuliza juu ya mablanketi. Amesema na yeye anataka kuiba ile.

Shiro alipiga kigelegele mpaka mabata wakahama upande wa pili. Hemal akakimbia dukani, akarudi na biskuti. Na Wizara, ambaye hajawahi kumpisha mtu tangu kijiwe kianze, alinyanyuka.

— Mama Plamedi, mwalimu hasimami. Kaa hapa.

Annonciata akakaa, akiacha pembeni nafasi ya mtoto. Plamedi, mdomo umejaa biskuti, akabaki mbele ya nafasi iliyoachwa wazi, na kibao cha shaba kikawa usawa wa macho yake. Hakuna aliyemwomba. Aliweka kidole juu yake kama alivyoweka kwenye pakiti ya unga.

Albert alikuwa nyuma yake, hatua mbili. Akabana pumzi.

— F... o... For, alisema mtoto. Do... t. Dot. Akaruka mkato. Wa... ho. Akasita. Akaifunika W kwa kidole gumba. Hii imelala. Who. Al... ways. Always. Ma-de. Akatikisa kichwa, akaifunika E. Na hii imelala. Made. Ro-om. O mbili zinashikana mkono. Room.

Akarudi mwanzo, akayasoma yote kwa mpigo mmoja, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la basi:

— For Dot, who always made room.

— Kwa Dot, Shiro alifasiri kwa sauti ya chini, aliyekuwa anasogea kila siku, mwingine apate kukaa. Ni benchi la kumkumbuka marehemu.

Albert alijua sasa kwamba furaha inaweza kuuma mbavu. Machozi yalimtoka waziwazi, mchana, mbele ya watu, naye hakujali. Alikuwa amesikia. Si kwa kusimuliwa na mwenye duka, bali kwa masikio yake mwenyewe, na mtoto alijua kabisa baba yuko nyuma, wala hakufunga chochote. Alimtazama mkewe aliyefanya yote haya kwa maboksi na penseli huku yeye amenuna, akatamani kumwomba radhi kwa maneno makubwa. Yaliyotoka yalikuwa madogo.

— Sikupumua, alimwambia.

— Nimeona, Annonciata alisema, akamshika mkono.

Hemal ndiye aliyeharibu, bila kukusudia.

— Kumbe si mambo ya viatu, alisema.

Wote wakamgeukia Wizara. Alikuwa amesimama pembeni, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, mahali inaponing'inia siku zote.

— Miwani yangu, alisema. Hii... hii ni ya mbali.

Albert akaanza kukumbuka. Barua za hospitali ambazo Wizara humletea Hemal, ati "zihakikishe". Mgahawani: "Niletee kama ya huyu." Ile K ya kisu. Miaka saba walikuwa wameketi naye bega kwa bega.

Plamedi hakucheka. Alimtazama yule mzee kama mtu anayemwona mwenzake wa darasani mahali asipomtarajia. Maficho yake yalikuwa tumbo. Ya huyu yalikuwa miwani.

— Uncle, alimuuliza, na wewe zinakukimbia?

Shiro, mwenye saa ya kazini mkononi, hakuitazama. Hemal hakusema anarudi dukani. Wizara, mwenye taarifa ya kila jambo chini ya jua, aliitumbukiza miwani yake ndani ya shati. Albert aliinamisha temosi. Ilikuwa imebaki nusu kikombe, ya mwisho. Akampa yeye.

Wizara alikipokea kikombe, akaketi taratibu ukingoni kabisa mwa benchi. Plamedi akajipenyeza katikati yake na mama. Akatoa mfukoni mwa koti bunda la vikadi vilivyofungwa kwa mpira, akapekua mpaka cha chini kabisa, kilichochakaa kuliko vyote, akamwekea mzee juu ya goti. Kiliandikwa BA.

— Usiogope, alimwambia. Hizi za kwanza zote ziko macho.