Mkia wa Gari la Mzee Rivasi

Benchi la kahawa la Bi Birika liko mahali pabaya. Linatazamana na mfereji wa maji unaokata barabara ya mtaa, na kila gari likivuka pale, wakaaji wa benchi hulitolea hukumu. Gari walilolihukumu kuliko yote ni la dereva mmoja mstaafu: basi dogo kuukuu alilong'oa viti, akatia kitanda, jiko na tangi la maji, likawa nyumba ya kutembea. Nyuma akafunga keria ya chuma ya kubebea skuta. Mara tatu ametoka nalo, yeye na mkewe, kwenda kuzunguka nchi. Mara tatu keria imekita kwenye zege la mfereji, hatua sitini kutoka mlangoni kwake, naye akarudi kinyumenyume mtaa mzima ukitazama. Ndipo akaitwa Mzee Rivasi. Asubuhi hii alikaa na kikombe mkononi, moyo mzito. Kesho ni safari ya nne, na mkewe ameshatamka: likikwaruza tena, vyombo vyake vinashuka na gari linakuwa banda la kuku.

— Jamani, leo sitaki utani, alisema. Nisaidieni. Mkia unagusa chini.

— Kutoka keria mpaka ardhini umebaki uwazi gani? aliuliza Spana Kavu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa anajua kila kitu kuhusu magari na hajawahi kuchafuka hata kidole.

— Shubiri moja kasoro.

— Shubiri ya nani? Yako, au ya mtu wa kawaida?

Mzee Rivasi aliutazama mkono wake, akaona ni swali la haki.

— Yangu.

— Na ulipofunga keria hukupima? Huyu alikuwa Fundi Pindo, mshona nguo wa dirisha la jirani.

— Nilipima. Zilikuwa shubiri mbili kamili.

— Moja imekwenda wapi?

— Nilipima gari tupu. Tangi halina maji, skuta haijapanda, mama watoto hajapakia vyombo.

— Miaka thelathini na moja umeendesha lori, Fundi Pindo alisema polepole, na hukujua kwamba mzigo una uzito?

Mzee Rivasi aligugumia kahawa ikiwa ya moto vilevile. Kuungua koo kulikuwa nafuu kuliko kujibu.

— Dawa yake ni springi, alisema Spana Kavu. Unaongeza bamba mbili kila upande, nyuma inanyanyuka.

— Nimeongeza. Sasa tukipita juu ya jiwe, mama watoto anagonga kichwa darini.

— Basi mifuko ya upepo. Unaiweka kati ya springi na chasisi, unaijaza kwa pampu, gari linaumuka lenyewe.

— Umewahi kuifunga?

— Nimeisikia.

— Mnazunguka bure, alisema Fundi Pindo. Mteja akija na suruali inaburuta, mimi simtafutii miguu mingine. Napandisha pindo! Fungua keria, ifunge juu zaidi.

— Nikiipandisha, skuta inaziba dirisha la nyuma. Mama watoto analipenda lile dirisha.

— Mtilie pazia.

— Pazia la kuona nini?

— Skuta.

Bi Birika alicheka mpaka akamwaga kahawa ya watu. Spana Kavu hakucheka. Mambo ya magari hayamchekeshi.

— Mzee, sikiliza. Nyuma inashushwa na skuta, si ndiyo? Basi mbele tutie kitu kizito, isawazishe. Mawe.

— Mawe!

— Au sisi. Mimi na Fundi tunakaa mbele, gari linavuka.

— Na mfereji wa mji unaofuata?

— Tutakuwemo. Kila penye mfereji tunahamia mbele.

— Na usiku mtalala wapi?

— Kitandani. Nyinyi wenyewe mtajibanza chini ya gari.

— Kwenye shubiri moja kasoro?

Hapo hata Bi Birika, mwanamke mwenye akili zake, aliingia mkumbo.

— Mimi ningefunga maputo nyuma. Mengi. Yale yanayopaa.

Wakabishana kama ni maputo mia au mia mbili. Aibu yenyewe ni kwamba Mzee Rivasi naye alikuwa akihesabu.

Muuguzi mmoja aliyetoka zamu, mgeni kabisa pale, alikuwa amesimama akipuliza kikombe chake. Akawasikiliza mpaka wakafika maputo mia na hamsini.

— Samahani, wazee wangu. Kwani mnakwenda wapi?

— Tunavuka mfereji, alisema Mzee Rivasi.

— Baada ya mfereji.

Mzee Rivasi akafungua kinywa. Alijua upepo wa kila tairi, lita za tangi, namba ya kila bolti. Akakifunga.

— Si anazunguka nchi? alisema Fundi Pindo.

— Kuanzia wapi?

— Inategemea na uwazi, alijibu Spana Kavu, lakini hata yeye sauti ilimwishia njiani.

Mzee Rivasi aliinuka, akaacha kikombe nusu. Aliona haya, haya za kweli. Mara tatu mkewe amekaa kando yake, mkoba mapajani, kitambaa kipya kichwani, na yeye hajawahi kumuuliza. Alimkuta uani akifunga sufuria kwa magazeti.

— Mama watoto, hivi wewe unataka twende wapi?

Mkono wa mkewe ulisimama.

— Leo ndiyo unauliza?

— Leo.

— Kwa mdogo wangu. Miaka sita sijamtia machoni.

— Na huko utaihitaji skuta?

— Mimi? Sijawahi kuipanda! Si wewe uliyesema safari bila skuta si safari?

Kweli alisema, tena kwa sauti, benchini. Aliteremsha skuta, akachukua spana na kuingia chini ya gari. Akafungua bolti sita, na keria ilipoanguka mkia ukanyanyuka taratibu. Akapima kwa mkono uleule. Shubiri mbili na vidole vitatu, maji tangini, vyombo karibu vyote ndani.

— Mpigie mdogo wako simu, alisema akiwa bado amelala chali. Mwambie kesho tunafika.

— Nimeshampigia mara tatu kumwambia hivyo, alisema mkewe, na mara tatu kanipikia. Safari hii mpigie wewe.