Friji la Dawa ya Mama

Benchi letu liko Magomeni, hapa Kilosa, mbele ya kibanda cha Voti, fundi simu. Saa mbili asubuhi joto limeshapanda, kahawa imeshamiminwa, na Mzee Reli, mstaafu wa treni, ameshakasirika kabla hajaambiwa kisa. Leo mwenye kisa ni Nikolaus, fundi cherehani. Mama yake anachoma sindano za sukari, na dawa lazima ikae kwenye baridi. Friji lao kuukuu linamaliza umeme. Dukani yapo mawili: kubwa la mtumba, na dogo jipya lenye nyota nne mlangoni. Mwenye duka anataka jibu leo hii.

— Lile la nyumbani si friji, ni mwizi! Nikolaus akapiga benchi. Naweka uniti Jumatatu, Alhamisi mita ya luku inalia. Na sukari ya mama haishuki, mwezi wa pili huu! Dawa gani hizi tunapewa?

— Chukua la mtumba, akasema Mzee Reli. Limetoka Ulaya, limezoea kazi.

— Limezoea baridi, mzee! Voti akadakia. Kule lilikuwa linapumzika nusu mwaka. Lilete Kilosa uone litakavyohema.

— Kwa hiyo achukue la nyota? Mzee Reli akang'aka. Nyota ni za hoteli! Wapelekee watalii wa Mikumi. Nyota nne, linakula umeme mara nne!

— Muuzaji kasema nyota zikizidi, linakula kidogo, Nikolaus akajitetea.

— Na wewe ukakubali! Tangu lini mwenye cheo kikubwa akala kidogo?

— Tatizo ni taa ya ndani, Voti akashusha sauti. Ukifunga mlango haizimi. Niliacha simu humo inarekodi, nipate ushahidi. Simu ikazima kwa baridi! Mnaona wenye viwanda wanavyojilinda?

— Wanatuona wajinga! akasema Mzee Reli.

— Ndiyo maana mimi sina mchezo, akasema Nikolaus. Saa tatu usiku nachomoa waya. Nachomeka asubuhi.

— Hata mimi, akasema Voti.

— Mtu mwenye akili lazima achomoe, akasema Mzee Reli. Usiku nani anakunywa maji baridi?

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, benchi zima likakubaliana.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja, Nailantei, muuza maziwa kutoka Rudewa. Alikuwa ametua madumu yake akisubiri bodaboda.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mama.

— Samahani, nimewasikia. Mkishachomoa, hiyo dawa usiku inalala wapi?

Mzee Reli akamwangalia Voti. Voti akamwangalia Nikolaus.

— Humo humo, akasema Nikolaus, taratibu.

— Kwa joto hili? Maziwa yangu yasingefika asubuhi. Basi hayo mawili ya dukani, kaka, lipi utaweza kuliacha liwake usiku kucha?

Nikolaus alikuwa ameshasimama, simu sikioni, akimpigia mkewe nyumbani.

— Lightness! Mama ameshachoma? Bado? Hiyo ya kwenye friji asiiguse. Mvalishe, nakuja na boda, tunakwenda hospitali sasa hivi.

— Sasa mwenye duka tumwambieje? Voti akapaza sauti.

— Lile dogo la nyota! Nikolaus akajibu bila kugeuka, kisha akarudi kwenye simu. Hapana, Lightness. Dawa haina kosa. Ni mimi.