Kiti cha Blandine

Sogeeni, watoto wangu. Wewe Reine kaa upande huu wa sikio zima, na wewe Tresor baki hapo hapo mlangoni, maana najua hutaki kukaribia hapa nilipokaa. Zimeni redio. Sauti hii ilikuwa ikiamrisha gwaride zima bila kipaza sauti na leo imebaki uzi, kwa hiyo msinikatize na msilie, mtalia nikimaliza, muda wa kulia hautakosekana. Nasema kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichonipatia mama yenu Séraphine, yeye na chake cha Bukavu, mimi Mwacholi wa Kitgum na changu cha kambini nilichofundishwa kwa matusi ya makoplo, na nyumba hii haijawahi kuwa na lugha nyingine. Anayesema ni Oryem, baba yenu, sajenti mstaafu wa polisi, na akili zangu zote ninazo, hata kama mbele mtaona nimepotea.

Nianze na vyepesi. Nyumba hii ya vyumba viwili hapa Namuwongo ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake kujua. Baiskeli ni ya Tresor, ingawa ataiharibu. Shamba la Kitgum mwachieni ndugu yangu Olal aendelee kulima, yule yule aliyesema mama yenu hawezi kulala katika boma letu kwa sababu ni mkimbizi, tukamzika huku kwenye makaburi ya kununua. Nimemkasirikia miaka yote hii na sasa nimechoka kukasirika. Kuchoka si kusamehe, na mwambieni hivyo hivyo nilivyosema. Akija na gari kunichukua, mpeni chai yenye sukari nyingi anavyopenda, na mniache niende naye, mimi ni wa kule. Lakini gari lisiwashwe kabla maisha yangu hayajasemwa hapa uani. Hata akipiga honi. Hata mvua ikija. Mnajua ninachokisema.

Mnajua, lakini nitakisema tena, kwa sababu mlikuwepo wote na mlikimbia wote. Sisi wazee wa huku relini tuna desturi yetu, na hakuna anayekumbuka kama ilianza kwa Wakongo au ilitoka kambini. Mtu akifa, kile kiti alichokuwa akikalia kila siku kinatolewa nje na kuwekwa mbele ya watu, kitupu, na mmoja wetu anasimama kando yake kuyasema maisha ya marehemu, mema yake na vituko vyake na hata aibu kidogo, ili mwenyewe ayasikie akiwa amekaa kwa mara ya mwisho. Yakiisha, mrithi anakuja anakikalia, watu wanampa mkono na kumwita kwa jina la marehemu, naye anaitika, na marehemu anaenda zake. Asipokaa mtu, yeye haondoki, maana hana aliyemwachia nafasi. Kazi ya kusema ilikuwa yangu kwa sababu ya sauti, na mwaka huu nimeifanya hadi nimechukia kusikia mtu amelazwa.

Wa kwanza alikuwa Blandine. Alikuja kutoka Kongo peke yake na sufuria moja, akauza sombe, kisamvu cha kwao, na wale dagaa wakavu tunaowaita mukene pale reli inapokata njia, na treni ilipopita alikuwa akishika meza kwa mikono miwili na kuitukana kwa Kifaransa. Alicheka kwa kupiga paja la mtu wa karibu, kwa nguvu, nikawa naondoka pale na paja linauma. Hakuzaa. Wateja aliwaita wanangu, na aliyekosa hela alikula kwanza ndipo akasemwa. Kiti chake kilikuwa cha plastiki nyeupe, na mgongo wake ulipasuka zamani akaushona Mushagalusa, fundi cherehani, kwa uzi wa bluu wa nyavu, mishono mikubwa ya kuonekana kutoka mbali. Siku ya kumzika niliyasema maisha yake vizuri, watu wakacheka, wakalia, nikauliza nani anakaa. Watu wakatazamana. Nilimwona mtu mmoja ambaye macho yote yalimwendea, na yeye akatazama juu mawinguni. Kabla sijauliza tena, mvua ikatushukia kutoka upande wa Kabalagala, kila mtu akakimbia, na Pitshou mwenye mahema na viti vya kukodisha akapakia viti vyake vyeupe kwenye pikapu pamoja na kile cha Blandine, kwa haraka, bila kuangalia mshono.

Tangu siku hiyo Pitshou akihesabu viti vyake vinazidi kimoja. Alivunja vibovu, akahesabu, kikazidi. Aliniambia mwenyewe kwa kicheko, na kicheko chake hakikunipendeza.

Kisha Kaltumi. Mjane wa sajenti mwenzangu, mnamkumbuka, mdomo mkali kuliko kamanda yeyote niliyemtumikia, yeye aliyeosha maiti za wanawake Waislamu wa huku na kuwasema wakati anawaosha, eti fulani, hata leo umekuja bila kukata kucha. Alikwenda arusini mchana kweupe, akakaa kwenye kiti cha Pitshou, akasimama hapo hapo akisema kina joto, nani ametoka kukaa hapa. Hakuna aliyekuwa amekaa. Akakaa tena kwa ubishi wake, na aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, hakuvua hata viatu, akaniambia mtu alikuwa akimwuliza jambo kisogoni, kwa adabu kabisa, na yeye hakugeuka. Kaltumi, ambaye hakuwahi kunyamaza akiulizwa! Mwezi ule haukuisha, wakamzika Kisenyi kwa ndugu zake.

Msibani kwa Kaltumi wenyewe walikaa kwenye mikeka, na sisi wazee tukawekewa viti vya Pitshou nje. Mushagalusa alikuwa kando yangu na futi yake shingoni, hakuivua hata kanisani, mtu aliyewapima kwa macho wote aliosalimiana nao na kuwaambia wamekonda. Aliwashonea watoto wa Namuwongo sare za shule kwa vipande alivyobakiza kwa matajiri, na nguo za mama yenu za mwisho alizishona yeye, akazileta zimepigwa pasi. Mara nikasikia harufu ya mukene, jua lile, pale Kisenyi penye harufu ya petroli na gereji. Mushagalusa akapeleka mkono nyuma kwenye mgongo wa kiti na vidole vyake vikasimama. Akasema, “Oryem, hii kazi ni yangu. Hiki kiti ni cha Blandine.” Akateremka akakaa chini kwenye vumbi na suti yake nzuri, na alichoulizwa akanieleza neno kwa neno. Kutoka siku ile akaanza kujipima mwenyewe. Nilimkuta dukani akijizungushia futi kifuani, akatingisha kichwa. Alikutwa amelala juu ya cherehani, uzi umeshapita tunduni.

Msiniambie walikuwa wazee na wazee hufa. Najua walikuwa wazee, mimi mwenyewe ni nini? Sisemi Blandine aliwaua. Blandine alikuwa na inzi tu wa kupigana nao. Nasema aliwauliza, na hawakuwa na jibu la kumpa, wakaondoka na swali lake kichwani, na mzee mwenye jambo kichwani halali.

Siku ya Mushagalusa watu walijaa, wengine wamesimama hadi barabarani, na katikati ya hema kiti kimoja kitupu. Watu wamechoka, wamesimama, na hakuna anayekaa, na hakuna anayejua kwa nini. Mtoto mmoja alitaka kukipanda, mama yake akamvuta bila hata kumtazama. Niliona mshono wa bluu. Nikakasirika, ndiyo, nilikasirika, nikasema mimi nimekamata wezi wenye bunduki, sitaogopa plastiki. Nikaenda nikakaa. Kilikuwa na joto la mtu, siyo la jua. Halafu nikapigwa paja. Kwa nguvu, kama zamani, hadi leo alama ipo, Reine ameiona wakati akiniosha. Akaniuliza kisogoni, sauti ile ile, “Oryem, ni weye utakaa, ao unapumzika tu?”

Niliogopa, wanangu. Baba yenu aliogopa. Lakini nilijua si mimi anayemngoja, na nilimjua anayemngoja. Nikamwambia, Blandine, nitakushikia nafasi mpaka mwenyewe aje. Akasema, “Basi unishikie.” Nikakibeba kiti hadi nyumbani, Pitshou akaniangalia kwa shukrani. Na tangu hapo sikai pengine. Kitanda ni baridi, benchi ni baridi, mifupa yangu inapata joto hapa tu, na kila siku nikiinuka nakuwa mwepesi kuliko jana. Daktari anaita mapafu. Aite anavyopenda.

Tresor, hapo mlangoni, sikia sasa. Juzi ulikichukua nilipokuwa hospitali ukakitupa jalalani kule relini. Kesho yake Reine alikikuta hapo unaposimama, kimekauka, na mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri. Ukasema ni watoto wamekirudisha. Haya, watoto. Tuseme watoto.

Nani alikipasua kile kiti? Mama yenu alipolazwa hospitali ya Mulago na mimi niko lindoni, nani alimlisha mtoto mdogo sombe na ugali wa posho, akamfutia kamasi kwa kitenge chake, akamlaza mchana chini ya meza ya mukene? Wewe, Tresor. Ulikuwa ukining'inia nyuma ya mgongo wa kiti chake huku amekaa, anauza, na wewe unampanda shingoni, hadi plastiki ikapasuka na wote wawili mkaanguka, na alicheka hadi reli nzima ikaja kuona. Hakuzaa, tulisema. Tulisema uongo. Siku ya kuzikwa kwake macho yote yalikuja kwako na wewe ukatazama mawingu, na mvua ikakusaidia. Sikulaumu, umekua mwanamume na suti na kanisa lako, na kukaa mbele ya watu uitwe jina la mwanamke muuza mukene si jambo dogo. Lakini yeye amekaa hapo anangoja, Tresor, arusini kwa watu, msibani kwa watu, anawauliza watu wa watu. Mimi roho inaniuma kwa ajili yake. Angekuwa mama yako Séraphine ungemwacha azungushwe na pikapu?

Subiri, Reine... maji. Kidogo. Haya.

Kiti changu mimi ni kile cha mbao pale uani, nilichotoka nacho kambini. Hicho akikalie Reine. Olal akisema mwanamke hakai, mwambieni ndivyo nilivyosema, na aketi anywe chai. Maisha yangu ayaseme yeyote mwenye sauti, asiache matusi, na asiniongezee cheo. Makaburi ya Blandine na Mushagalusa yafyekwe pamoja na la mama yenu, na la Kaltumi waulizeni ndugu zake kwanza. Na nyinyi wawili... Mungu wa mama yenu na wale wazee wangu wa Kitgum wawatazame, mle mshibe, mgombane mpatane, na asiwepo kati yenu wa kufa akiwa hana wa kukaa. Hiyo ndiyo baraka niliyo nayo. Nyingine nimezitumia.

Sasa siwezi kumshikia zaidi. Nisimamishe, Reine. Kwapani... hivyo. Usiogope, mimi ni mwepesi. Haya. Nimesimama. Kiko kitupu. Ona, hata mto ulioniwekea haujabonyea. Tresor, usifungue mlango. Nje pana jua tu, hakuna mvua leo. Tresor...

Ah. Ah, mwanangu. Polepole. Mguu wa nyuma umelegea, uliuvunja wewe pia. Egemea. Vidole vyako vinaujua huo mshono.

Kina joto? Usinijibu mimi. Anayeuliza yuko nyuma yako, mjibu yeye... Sawa. Sawa. Reine, mpe mkono ndugu yako. Mwite. Siyo hilo, jina lake la leo. Kwa sauti, mimi sina tena... Mwite Blandine.

Umesikia, Reine? Wameitika wawili. Basi, nilazeni.